Bi Moza na Nafasi ya Kwenda Angani

Nyinyi vijana mna raha. Mtu amekaa sebuleni kwake, kompyuta magotini, anabonyeza, anabonyeza tena, kwisha, tiketi ya Bombay anayo. Akikosea anabonyeza upya. Enzi zangu mie tiketi ikiandikwa kwa mkono, na nyuma yake kuna kaboni nyekundu inayokupaka vidole mpaka unakwenda harusini na mikono kama umechinja kuku. Ukikosea herufi moja, na kaboni imeshapiga kurasa zote, umeharibu tiketi nzima, na sauti ya Bwana Anton utaisikia mpaka adhana ya Maghrib. Basi kaeni nikuhadithieni. Asiyetaka kusikiliza aende jikoni akaniletee chai, kwa sababu nna kiu na hadithi yenyewe si fupi.

Mie Rukia kazi yangu ilikuwa kukata tiketi. Ofisi yetu ilikuwa Al Khuwair, hapa hapa Muscat, chini ya jengo la fleti, na wizara zote ziko pale pua na mdomo. Asubuhi wanakuja maafisa na kanzu zao za dishdasha zimepigwa pasi mpaka zinakata, wanataka kwenda Cairo mkutanoni. Mchana wanakuja kina mama wa Ghubra wanataka kwenda Unguja kwenye arusi. Jioni wanakuja wasichana wa kazi kutoka bara na pasi zao za kusafiria wamezifunga kwenye leso. Kaunta ile ile moja, unasema Kiarabu, Kiswahili, Kiingereza na Kihindi kidogo cha kuombea radhi, yote katika pumzi moja.

Aliyenifundisha kazi ni huyo Bwana Anton. Mgoa, lakini kazaliwa Unguja, na Kiswahili chake kinanishinda mie niliyezaliwa mtaa wa pili. Jumapili kanisani, Ramadhani hali mbele yetu hata ukimlazimisha. Alikuwa mkali, wallahi. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Rukia, usimuulize abiria anakwenda wapi. Muulize nani anampokea." Nikamwona mpumbavu. Kwani mie mmbea wa kuuliza habari za watu?

Akaja mama mmoja, mtaratibu, anakwenda Tanzania kwa binti yake. Mie kalamu juu, naanza kuandika Dar es Salaam. Bwana Anton kutoka kule nyuma: "Mama, nani anakupokea?" Mama akasema, binti yangu, ni muuguzi Bukoba. Alaa! Mtu wa Bukoba ukimshusha Dar umempa safari nyengine nzima ya basi ya kumvunja mgongo, na pale Entebbe kwa Waganda ni jirani tu, anavuka mpaka anaingia nyumbani. Nikachana ile tiketi, nikaandika nyengine. Tangu siku hiyo nikawa nauliza, na mpaka leo mtu akiniambia anasafiri hilo ndilo swali langu la kwanza. Nyinyi nanyi lishikeni, kompyuta haikuulizeni.

La pili, tiketi ya Idi usiikate bila ya kuacha siku ya akiba. Mwezi hauna mkataba na shirika lolote la ndege. Niliwahi kupeleka ukoo mzima Unguja wakasherehekee na bibi yao, Muscat mwezi ukaonekana, kule haukuonekana, wakafika wao wameshakula biriani ya Idi kwenye ndege na wenyeji bado wamefunga. Bibi yao akawafungia jiko mpaka Maghrib.

Na la tatu ni hili, na hili haliwezi kutokea isipokuwa kwetu sisi. Sisi mtu akisafiri anasindikizwa. Si mtu mmoja na begi, hapana, ni magari, ni watoto, ni shangazi, ni jirani ambaye hata hajaalikwa. Kulikuwa na bibi mmoja wa Al Amerat nimemkatia tiketi ya Umra. Siku ya safari magari yakajipanga nje, kelele, machozi, kila mtu anabeba kitu, wakatoka wote kwa foleni, na njia ya Al Amerat wakati huo inazunguka milima yote mpaka uchoke. Kufika uwanja wa ndege, Seeb, wanateremka, wanahesabu mabegi, yametimia. Bibi yuko wapi? Kila mmoja anasema alidhani yuko gari la mwenzake. Na mie wakati huo huo simu yangu ya ofisini inalia. Naishika, nasikia sauti ya upole: "Mwanangu Rukia, hebu niulizie. Mbona nyumba imekuwa kimya?" Kakaa kwenye kochi, kavaa, mkoba mapajani, anangoja kuambiwa inuka! Ndege ilimwacha. Tangu hapo kila familia nawaambia, msafiri ndiye wa kwanza kupanda gari, na pasi yake aishike mwenyewe mkononi, isiwe mfukoni kwa mwanawe.

Haya, sasa lile mnaloniuliza kila Ijumaa, eti bibi ni kweli ulimkatia mtu tiketi ya angani. Kweli. Na nakwambieni mapema msije mkanilaumu mwisho: mpaka leo mwenyewe hajaruka. Kampuni kila mwaka inasema mwakani. Kama ulikuwa unangoja roketi, nenda kalale. Mie nahadithia yaliyotokea hapa chini.

Ilianza na televisheni. Mwanzo wa hii miaka ya elfu mbili walimwonyesha tajiri mmoja kalipa nauli yake mwenyewe, Warusi wakampakia kwenye roketi yao wakaenda naye. Si mwanajeshi, si mtu wa serikali, mtu tu na pesa zake. Bwana Anton akateremsha gazeti. "Rukia, kumeanza kukatwa tiketi."

Nikamwambia, "Hiyo si tiketi, huyo kakodi."

"Kila kitu huanza kwa kukodi," akanijibu, akarudi kwenye gazeti.

Baada ya miaka michache ikaja ile nyengine. Kijichombo kidogo, kimeundwa na watu binafsi kwa pesa zao, serikali haikutia mkono. Kilining'inizwa chini ya ndege, kikaachiwa huko juu, kikawasha moto wake, kikatoka nje ya anga, kikarudi kikatua jangwani taratibu. Rubani akatoka anacheka. Bwana Anton siku hiyo alisimama, na yeye alikuwa hasimami hata kwa Waziri. "Hii ndiyo yenyewe," anasema, "hii ndiyo yenyewe!"

"Kwa nini? Si kinarusha mtu mmoja tu?"

"Kwa sababu mpaka jana kwenda huko ilikuwa ni kuchaguliwa. Na nani anakuchagua? Jeshi. Serikali. Ukiwa si rubani wao, si raia wa dola kubwa, utatazama juu mpaka shingo ikuume. Leo imekuwa biashara. Na penye biashara, mtu wa kaunta kama wewe atapata kazi."

Pale ofisini alikuwapo Neema, mwanamke wa Muheza, ndiye aliyekuwa akitusafishia. Akaegemea fagio lake akasema, "Mimi Bwana Anton, tiketi ya Muheza tu, nikamwone mama, ingenitosha. Bosi wangu wa kwanza hapa, kila nikimwambia likizo, ananiambia bukra, yaani kesho. Bukra yake haikufika mpaka nikaacha kazi." Tukacheka, na yeye akacheka, lakini mie lilinikaa moyoni. Watu wanalipa mali nyingi kwenda kuona kiza, na mwenzao kamkosa mama yake kwa nauli ya kawaida kabisa. Nilikasirika, sikufichi.

Lakini na Bwana Anton hakukosea. Mie nakumbuka ndege ya Unguja na Muscat ilikuwa ya nani. Ya wenye nacho. Watu wanapigwa picha kwenye ngazi za ndege wamevaa suti. Leo Neema anapanda na maboksi yake matatu na televisheni, anagombana na watu wa mizani kama kawaida. Wale matajiri hawakuwa na huruma yoyote, ni kwamba ndege haiwezi kuruka na matajiri watupu. Hawatoshi. Viti lazima vijae, na ukitaka vijae utateremsha bei. Basi nikajisemea, labda na hili litakwenda hivyo hivyo, na labda halitakwenda. Sijui. Mie mkata tiketi, si mpiga ramli.

Sasa, siku moja asubuhi mlango unafunguka, anaingia Bi Moza.

Bi Moza alikuwa mwalimu wa jiografia. Alinifundisha mie Unguja, na alipokuja Muscat akafundisha tena hapa, mpaka nusu ya mabibi waliokuwa wakubwa wizarani wameonja rula yake. Alikuwa ameshastaafu, mjane, anakaa Ghubra na mwanawe wa pekee Hilal na wajukuu. Mwembamba, mkavu, kila alfajiri anatembea pwani kwa mwendo ambao mie siuwezi hata nikifukuzwa. Na mie mtu mzima na wajukuu wangu, nikimwona naficha mikono nyuma.

Akakaa. "Rukia, nikatie."

"Ya wapi, Mwalimu?"

Akanyoosha kidole juu. Nikatazama juu, naona kiyoyozi. Nikadhani kinamvujia.

"Huko wanakokwenda wanaolipa nauli," akasema. "Nimesikia ile kampuni ya kile kijichombo inaandikisha watu."

Mie nikababaika, ulimi ukarudi kwenye mazoea. "Na… nani anakupokea?"

"Hakuna! Ndo uzuri wake." Akacheka, na mie Bi Moza sikuwahi kumwona anacheka darasani hata siku moja.

Nilidhani ni mzaha. Akaniona usoni, akasogeza kiti. "Sikiliza. Miaka yangu yote nimesimama ubaoni na chaki nikisema dunia ni duara. Nimewapiga watoto wa watu kwa kulikosea hilo. Mie mwenyewe sijaliona. Nimewaamini waliosema. Nnataka nilione kwa macho yangu kabla sijafa, dakika mbili tatu zinanitosha."

"Lakini Mwalimu, umri…"

"Nilipokuwa msichana," akanikata, "walikuwa wanachagua wa kwenda kusoma ng'ambo. Alama nnazo. Jina langu halikutoka, na sababu yake sikuambiwa, ukoo au uanamke, wanajua wao. Sikununa, nikaolewa, nikasomesha. Lakini hawa, Rukia, nimewasoma mambo yao. Hawaulizi mtoto wa nani. Wanauliza una nauli, una afya, una moyo? Kiwanja changu cha Al Amerat nimeshakiuza. Afya waje waipime. Na moyo unaujua."

Naujua, nikafikiri, na vidole vyangu vinaujua vile vile. Bwana Anton alikuwa ameshaanza kuandika imeli.

Kampuni ikajibu kwa adabu. Watu wamewekwa foleni, kila mtu alipe arbuni ya kushika nafasi, apimwe na daktari. Na jambo moja zaidi: kabla ya kumkubali, mtu wake wa karibu kabisa azungumze nao kwa simu, aseme kwamba amezijua khatari zote na ameridhia. Bila ya hilo hawampokei. Na mtu wa karibu wa Bi Moza ni mmoja tu.

Hilal alinijia adhuhuri ile ile aliyopata khabari. Alikuwa afisa kwenye wizara ya ng'ambo ya barabara, mtu mpole, kilemba chake kimefungwa vizuri, tumbo mbele kidogo. Hakukaa. "Bi Rukia, nakuomba kwa heshima zako zote. Mwambie zimejaa."

"Zimejaa nini?"

"Nafasi."

"Hilal mwanangu," nikamwambia, "mie katika kaunta hii nimewaambia watu maneno mengi. Nimewaambia ndege inachelewa kidogo na nikijua inachelewa sana. Lakini kumwambia mtu nafasi imejaa na haikujaa, hilo katika kazi yetu ni haramu. Siku utakapolisema, kesho hata ukimwambia mtu leo Jumanne atakwenda kuuliza kwengine. Nenda kamwambie mwenyewe kwamba hutaki."

"Nimwambie vipi? Mama yangu huyo!"

"Ndo hapo."

Akakaa sasa, kwa uzito. Nikamwita Neema alete chai. Kilemba akakivua akakiweka juu ya kaunta yangu, na mie sijawahi kumwona kichwa wazi. "Si pesa, Bi Rukia. Kiwanja chake, apende akichome moto. Baba alikwenda London kwa matibabu, akafia kule, tukamzika kule. Kaburi lake nimelizuru mara moja tu tangu tumzike. Nikipita makaburini hapa, nikawaona watu wanawasomea wazee wao, nnaona donge. Sasa Mama akienda huko, kikatokea cha kutokea, mie ntamzika nini? Wapi?"

Nna mdomo mie, nyote mnanijua. Siku ile niliishia kumwongezea sukari kwenye chai. Akanywa chai yake, akafunga kilemba, akasema mlangoni kwa sauti ndogo kwamba hao watu wakipiga simu yeye hatozungumza nao. Na asipozungumza, hakuna safari. Bi Moza angebaki na ile chaki yake.

Nilipomfikishia Bi Moza khabari hiyo, nilidhani atakasirika. Wapi! Ijumaa iliyofuata akanipigia simu: "Rukia, lete kigari chako. Nnakwenda kuaga."

Mnaijua desturi yetu. Mtu akitaka kwenda Hija anazunguka nyumba kwa nyumba, nnasafiri, kama nimekukosea nisamehe, tutakiane radhi. Huwezi kuondoka na vinyongo vya watu mgongoni. Bi Moza akaamua na hii ni safari, basi na ije na kanuni zake. Ndege yenyewe haijulikani itaruka mwaka gani, mwanawe hajakubali, na yeye kavaa abaya yake mpya anaaga! Nilimwendesha Ijumaa baada ya Ijumaa, Ghubra, Ruwi, mpaka Al Amerat milimani, na sijapata kucheka vile katika maisha yangu.

Mzee mmoja wa Ruwi anamuuliza, "Unakwenda Makka tena, Bi Moza?" Anajibu, "Hapana, juu." "Juu wapi, milimani Nizwa?" Mwanamke mmoja wa Al Amerat aliposikia tu neno safari alikimbia ndani, na mnawajua watu wetu na vifurushi vyao, akarudi na bakuli ya halua imefungwa kwa nailoni. "Nipelekee hii."

"Nimpelekee nani?"

"Si wapo wale Warusi huko?"

Mwengine alimshika mkono akalia, anamwambia akifika kule amwombee mwanawe afaulu mtihani, maana atakuwa karibu na Mungu. Hapo ualimu ulimrudia Bi Moza. "Mungu hayuko karibu zaidi na mwenye nauli. Omba hapa hapa ulipo, na mtoto mwambie asome."

Na wanafunzi wake wa zamani, basi tena! Mmoja, mwanamke, mkurugenzi mzima, alimwambia, "Mwalimu, ile rula ya mkono wa kushoto nimekusamehe. Ya mkono wa kulia bado nafikiria." Bi Moza akasema, "Zote ulistahiki," kisha akatulia kidogo, akasema, "lakini nisamehe." Mkurugenzi akamkumbatia pale pale kibarazani, na mie nikaanza kutafuta kitambaa kwenye mkoba.

Khabari zikaingia wizarani. Hilal kila akiingia kwenye lifti anaulizwa mama atarudi lini. Nikajua sasa atakuja kunichoma. Akaja kweli, lakini kaja na sura nyengine. "Bi Rukia, nimefikiri. Siwezi kumzuia na siwezi kumwacha aende peke yake. Niandikishe na mie. Kiti cha pembeni yake."

Lo! Nilimpenda siku ile kama mwanangu wa kumzaa. Yule mtu hapandi hata ngazi za umeme za madukani bila ya kushika ukuta. Bwana Anton akaandika, kampuni ikasema karibuni, wakapimwe wote wawili. Wakaenda kwa daktari, mama na mwana, mie nikiwa dereva.

Akatoka Bi Moza kwanza. Moyo safi, presha safi, mapafu safi, daktari kamuuliza anakula nini. Kisha Hilal. Akakaa ndani, akakaa, mpaka nikamaliza gazeti. Alipotoka uso umemshuka. Presha juu, sukari inanyemelea, moyo umechoka na kiti cha ofisi na sambusa za mikutano. Daktari kamwambia, wewe hata pembea ya Idi usipande. Mie Mungu anisamehe, nilitoka nje nikacheka ukutani mpaka mbavu zikaniuma. Bi Moza hakucheka. Njia nzima alikuwa ameushika mkono wa mwanawe kama anamvusha barabara, na yeye mtu mzima wa mvi.

Simu ya kampuni ilikuwa ije wiki ile, adhuhuri, kabla hatujafunga ofisi kwa mapumziko. Bi Moza alifika mapema. Hilal hatukujua kama atakuja. Dakika za mwisho mlango ukafunguka, akaingia, akasalimu, akasimama karibu ya mlango. Simu ikalia. Bwana Anton akaitia kwenye kipaza sauti, sote tukasikia sauti ya mwanamke wa Kimarekani, mchangamfu, anauliza kama mtoto wa Bi Moza yupo.

"Nipo," akasema Hilal kwa Kiingereza. Yule mwanamke akamsomea: kwamba safari hii ni mpya, kwamba chombo kinaweza kuharibika, kwamba abiria anaweza asirudi. Je, ameyafahamu? Je, ameridhia?

Hilal akamgeukia mama yake. 

Hapo Bi Moza akainuka kitini. Akaenda akasimama mbele yake, na kichwa chake kinafika kifuani kwa mwanawe.

"Hilal. Nimezunguka mji mzima kutaka radhi za watu. Wewe nimekuacha wa mwisho makusudi, kwa sababu wewe ndiye nnayekuogopa. Kama nimekukosea katika malezi yako, nisamehe. Na nnaomba ruhusa yako nisafiri."

"Astaghfirullah! Mama, kaa kitako. Mzazi hamuombi radhi mtoto!"

"Anayesafiri ndiye anayeomba. Na leo msafiri ni mie."

Hilal machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Ukifa huko, Mama, nkuzike wapi?"

"Baba yako yuko London," akasema Bi Moza. "Dua unazomwombea hapa, zinamfika au hazimfiki?"

"Zinamfika, inshallah."

"Basi na mie zitanifika."

Neema aligeuka akatazama dirisha. Bwana Anton alikuwa anapekua karatasi ambazo hazina kitu. Kwenye simu yule mwanamke anasema halo, halo, mpo? Hilal akainama, akaubusu mkono wa mama yake, kisha paji la uso wake, akaenda kwenye simu.

"Nimeyafahamu yote," akasema. "Nimeridhia. Mama yangu anasafiri."

Yule mwanamke akashukuru, akauliza kama ana swali lolote.

"Sina swali," akasema Hilal. "Nna ombi. Mwekeeni kiti cha dirishani."